Maswali ya Wasomaji: Mkutano Wenu na Kumbi za Chuo Kikuu

Barua tulizopokea kuhusu matumizi ya vyuo vikuu kama mahali pa mikutano, makongamano na hafla zimekuwa nyingi kiasi cha kutufanya tuzitengee safu nzima. Tumechagua saba, baadhi tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha wataalamu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifanya mkutano wake mkuu hotelini. Baadhi ya wajumbe wa kamati sasa wanapendekeza chuo kikuu, kwa hoja kwamba ni nafuu. Je, unafuu huo ni wa kweli, na kuna sababu nyingine ya kwenda huko?

Jibu: Ndugu Katibu, unafuu mara nyingi upo, ila nisingependa uwe ndio sababu yenu ya kwanza. Hoteli hukuuzia mambo yote kwa pamoja, yaani ukumbi, chakula, vitanda, vipaza sauti na fundi wa kuviendesha, na ukipata shida unamwendea meneja mmoja. Chuoni kila jambo lina mwenyewe: kumbi ziko chini ya msajili au idara ya milki, mabweni yako chini ya mlezi wa wanafunzi, mitambo iko mikononi mwa kitengo cha teknolojia, na milango pamoja na maegesho ya magari ni ya walinzi, ambao aghalabu hupewa taarifa mwisho ilhali wao ndio watakaokutana na wageni wenu mwanzo. Kamati isiyo na mtu mvumilivu wa kuzunguka katika ofisi hizo italipa kwa usumbufu kile ilichookoa kwa fedha. Vyuo kadhaa vina ofisi maalumu ya mikutano inayoshughulikia yote hayo. Kama chuo mnachokifikiria kinayo, anzieni hapo, na kama hakina, mwombeni mkuu wa idara iliyo karibu na taaluma yenu awe mwenyeji wenu, kwa kuwa barua yake hufungua milango ambayo barua ya mtu wa nje hubaki ikibisha.

Sababu yenye uzito zaidi ni jinsi mahali penyewe palivyojengwa. Mkutano wa wataalamu haukai ukumbini siku nzima. Asubuhi wote husikiliza hotuba moja, kisha hugawanyika katika vikao vidogo vinavyoendelea kwa wakati mmoja, na jioni hukusanyika tena. Ni hoteli chache zenye vyumba kumi vya watu thelathini thelathini vilivyo jirani na ukumbi mkubwa, lakini chuo kikuu kimejengwa hivyo hasa, kwa kuwa ndivyo siku ya masomo inavyokwenda. Ongezeni maktaba, ongezeni maabara, ongezeni wanafunzi wa fani yenu ambao wanaweza kuketi nyuma na kusikiliza, na mtaona kwa nini vyuo vimekuwa wenyeji wa mikutano ambayo bado inatajwa. Wanasayansi waliokutana katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, majira ya kiangazi ya mwaka 1956, ndio wanaohesabiwa kuwa walizindua rasmi uwanja wa akili unde. Chuo cha Makerere kiliwapokea waandishi wa Kiafrika mwezi Juni 1962, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika mwezi Juni 1974.

Hoteli inabaki bora pale ambapo shughuli ni ya jioni moja, au wageni wengi ni wazee wasioweza kutembea kutoka jengo hadi jengo, au itifaki inadai watu walale na kukutana chini ya paa moja. Kama mkutano wenu si wa namna hiyo, nendeni chuoni, na mwende kwa sababu vikao vyenu vinalingana na vyumba vyake.

Swali: Tumeomba ukumbi kwa ajili ya kongamano la siku tatu, tukaambiwa tusubiri hadi ratiba ya masomo itoke. Wageni wetu wanahitaji kukata tiketi za ndege mapema. Kwa nini chuo hakiwezi kutupa jibu sasa?

Jibu: Kwa sababu chumba mnachokiomba kina wenyewe, nao ni wanafunzi. Tofautisheni mambo mawili ambayo waandaaji wengi huyachanganya. Kalenda ya chuo, inayoonyesha mihula, mitihani, likizo na mahafali, kwa kawaida hutangazwa mapema sana, pengine mwaka mzima kabla. Ratiba ya vipindi, inayosema nani anafundisha nini katika chumba gani, hutoka muhula ukikaribia, na huendelea kubadilika hata wiki za kwanza za masomo, kwa kuwa mpangaji wake hawezi kujua kama somo fulani linahitaji chumba cha watu arobaini au mia mbili mpaka wanafunzi wajiandikishe. Afisa anayewaahidi ukumbi wa mihadhara katikati ya muhula kabla ya ratiba kutoka anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake, na ahadi ya namna hiyo huvunjika siku mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo pangeni kwa kalenda, msipange kwa ratiba. Wiki za masomo zinafaa kwa vikao vidogo, vya jioni au vya mwisho wa wiki. Wiki za mitihani ziacheni kabisa, hata mkionyeshwa vyumba vitupu, kwa kuwa ukimya unaodaiwa wakati huo hauendani na watu mia wanaosalimiana barazani wakati wa mapumziko, na pia chumba chochote kinaweza kuchukuliwa ghafla ili madawati yatawanywe kwa ajili ya mtihani. Wakati wa mahafali, viti, jukwaa, vipaza sauti na mafundi wote huwa sehemu moja. Si kwamba siku hiyo haifai kwa neno zito: George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitangaza fikra ya msaada wa nchi yake wa kuijenga upya Ulaya akiwa Harvard tarehe 5 Juni 1947, siku ya mahafali. Lakini yeye alikuwa mgeni wa chuo, aliyekwenda kutunukiwa shahada ya heshima, wala hakuwa mpangaji wa ukumbi.

Likizo ndefu ndiyo nafasi yenu, ila ulizeni swali ambalo wengi husahau: ni nini kitakachofungwa? Likizo ndiyo wakati wa kupaka rangi, kukata umeme kwa matengenezo na kufunga mikahawa, na maktaba iliyokuwa ikikesha huenda ikafungwa alasiri. Ombeni barua inayowashikia nafasi kwa muda, yenye tarehe ambayo chuo kitathibitisha au kukataa, na kifungu kinachotaja ukumbi mbadala kwa jina. Wageni wakate tiketi baada ya tarehe hiyo.

Swali: Tulifanya mdahalo katika ukumbi mkubwa wa chuo kimoja, jengo zuri lenye dari la juu na sakafu ya mawe. Tulikodi vipaza sauti vipya vyenye nguvu, lakini waliokaa nusu ya nyuma walilalamika kwamba hawakuelewa lolote. Je, mitambo ilikuwa dhaifu?

Jibu: Nina hakika karibu kamili kwamba mitambo ilikuwa na nguvu kuliko ilivyohitajika, na kwamba fundi alipozidi kuipandisha ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Tatizo lenu lilikuwa mwangwi. Katika chumba chenye kuta na sakafu ngumu, silabi ikitoka kinywani haifi. Hugonga ukuta, ikarudi, ikagonga dari, na kabla haijatulia silabi ya pili na ya tatu zimekwisha kuipanda mgongoni. Msikilizaji wa nyuma anasikia sauti nyingi mno, lakini hasikii maneno. Kuongeza nguvu ya kipaza sauti ni kuongeza pia nguvu ya mwangwi wake.

Elimu yenyewe ya jambo hili ilizaliwa katika ukumbi wa mihadhara. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na jengo jipya la makumbusho ya sanaa, lililoitwa Fogg, ambalo ukumbi wake wa mihadhara haukufaa kwa mihadhara, na mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Alifanya kazi usiku wa manane, wakati nje kumetulia. Alipuliza bomba la kinanda, akalikata ghafla, kisha akapima kwa saa muda ambao sauti iliendelea kusikika. Ukumbi ukiwa mtupu, sauti ilidumu kwa takriban sekunde 5.5, muda ambao msemaji huwa amekwisha kutamka maneno kumi na zaidi. Akaazima mito ya viti kutoka Sanders Theatre, ukumbi mwingine wa chuo hichohicho, akaitandaza kwa awamu, na kila alipoongeza mito ndivyo sauti ilivyokufa mapema zaidi. Kutokana na kazi hiyo aligundua kwamba muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine wingi wa vitu vinavyonyonya sauti vilivyomo: vitambaa, mazulia, mapazia, na miili ya watu. Ukumbi wa muziki wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake.

Kwa mazungumzo, mwangwi wa takriban sekunde moja au pungufu ndio unaofaa. Muziki wa okestra hupendeza kwa takriban sekunde mbili. Ndiyo maana ukumbi mtukufu wa mahafali, ambamo kwaya husikika kana kwamba inashuka kutoka juu, unaweza kuwa mahali pabaya sana pa mdahalo, huku ukumbi wa mihadhara ulio mnyonge kwa sura, wenye viti vya kitambaa vinavyopanda ngazi kwa ngazi, ukawafikishia watu wa mstari wa mwisho kila neno. Kumbi za michezo zina kasoro hiyohiyo ya kuta ngumu na dari la juu, japo mara nyingine idadi ya watu haiachi nafasi ya kuchagua: hotuba ya Winston Churchill ya tarehe 5 Machi 1946 katika Chuo cha Westminster, mjini Fulton, Marekani, ilitolewa katika ukumbi wa michezo wa chuo. Yupo pia msanifu aliyeweza kuupata ukubwa na usikivu kwa pamoja. Katika ukumbi wa Aula Magna wa Chuo Kikuu cha Kati cha Venezuela, mjini Caracas, Carlos Raúl Villanueva alishirikiana na mchongaji Alexander Calder, na mabamba makubwa ya rangi yaliyoning'inizwa mfano wa mawingu yakawa pambo na kinga ya usikivu kwa wakati mmoja. Kampasi hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Safari ijayo, kabla ya kusaini chochote, nendeni wawili ukumbini ukiwa mtupu. Mmoja asimame jukwaani apige kofi moja, nanyi msikilize linavyokufa. Kisha mwenzake akaketi kwenye kiti cha pembeni kabisa cha mstari wa mwisho, na yule wa jukwaani amsomee orodha ya majina na tarakimu ambazo hajawahi kuziona. Yanayokosewa kuandikwa ndiyo yatakayokosewa kusikika. Kumbukeni kwamba watu wakijaa hali itakuwa nafuu kidogo, kwa hiyo ukumbi unaokaribia kufaa ukiwa mtupu utafaa. Mkilazimika kutumia ukumbi wa mawe, ombeni vipaza sauti vidogo vingi vilivyosambazwa kando ya wasikilizaji na kufunguliwa kwa sauti ya chini, zuieni mistari ya nyuma ili watu wakae karibu, na waombeni wasemaji waseme taratibu.

Neno moja juu ya viti. Ukumbi wa ngazi una viti vilivyofungwa sakafuni, na hakuna namna ya kuwageuza watu sita sita watazamane. Kama kikao chenu ni cha vikundi, chukueni chumba bapa chenye meza zinazohamishika, hata kama projekta yake ni ya zamani.

Swali: Je, ni sawa kuwalaza wageni wa heshima katika mabweni ya wanafunzi?

Jibu: Ni sawa kama wameambiwa ukweli kabla. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 iliwalaza wanariadha katika vyuo vikuu vya UCLA na USC, na ile ya Atlanta mwaka 1996 iliwalaza katika kampasi ya Georgia Tech, kwa hiyo mabweni hayamvunjii mtu heshima. Kinachomvunjia heshima ni kugundua saa nne usiku kwamba bafu ni la pamoja na liko mwisho wa ushoroba, kwamba hakuna taulo wala mto, na kwamba lifti haipo. Kagueni chumba chenyewe mtakachopewa, wala si kile cha mfano, na wekeni akiba ya vyumba vichache nje ya kampasi kwa wenye mahitaji ya kiafya.

Swali: Chuo kimetuhakikishia kwamba kina intaneti ya kasi katika kila jengo. Je, tunahitaji kupanga chochote zaidi?

Jibu: Mnahitaji. Mtandao wa chuo hulindwa kwa nywila za wanafunzi na wafanyakazi wake. Wageni wanaotoka katika vyuo na taasisi za utafiti zilizojiunga na mpango wa kimataifa wa eduroam wataweza kuingia kwa utambulisho wa chuo chao, mahali popote ambapo mtandao huo upo, bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Wengine wote, wakiwemo waandishi wa habari, watumishi wa serikali na wanachama waliojiajiri, watabaki nje. Ombeni akaunti za wageni zitolewe kabla ya siku ya kwanza. Anayewasilisha mada kwa njia ya video apewe waya, kwa kuwa intaneti isiyo na waya iliyokuwa ikienda vizuri chumbani mkiwa watano hulemewa wanapoingia watu mia mbili, kila mmoja na simu yake.

Swali: Mimi ni kiongozi wa serikali ya wanafunzi. Tulitaka kumwalika mwanasiasa mwenye msimamo mkali kuzungumza chuoni, na utawala ukatutaka tujaze fomu wiki kadhaa kabla, tumtaje mzungumzaji na mada, na tueleze mpango wa ulinzi. Je, huku si kuminya uhuru wa kusema?

Jibu: Inategemea fomu hiyo inafanya kazi gani. Chuo kina haki, na nasema pia kina wajibu, wa kujua ni watu wangapi wataingia katika chumba chenye milango miwili, na kama mkutano wenu hautagongana na mtihani katika chumba cha pili. Kuuliza saa, mahali, idadi na ulinzi ni kazi ya mwenye nyumba. Lakini fomu ikitumika kuchuja maoni, kwa mzungumzaji mmoja kupitishwa siku mbili na mwingine kuzungushwa hadi tarehe ipite, hapo mna haki ya kulalamika kwa maandishi. Nchini Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1986 iliwawekea wakuu wa vyuo wajibu wa kuchukua hatua zinazowezekana ili uhuru wa kusema ulio ndani ya mipaka ya sheria ulindwe, wa wageni wanaoalikwa ukiwemo, na pia wajibu wa kuwa na kanuni zilizoandikwa za kuendesha mikutano hiyo. Naona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: kanuni iliyoandikwa na kujulikana na wote ndiyo inayomlinda mwalikaji dhidi ya afisa anayeamua kwa hisia zake.

Historia iko upande wenu kwa kiasi fulani. Robert Kennedy, seneta wa Marekani, alipozungumza katika Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 6 Juni 1966, mwaliko ulikuwa wa wanafunzi, na kiongozi wao, aliyekuwa amewekewa marufuku na serikali, hakuruhusiwa kuwapo ukumbini. Wanafunzi wale walifanya maandalizi yao kwa uwazi. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: jazeni fomu mapema, ombeni risiti yenye tarehe, pangeni muda wa maswali kutoka kwa wasiokubaliana na mgeni, na mtangaze kwamba mwalikaji ni serikali ya wanafunzi, ili jina la chuo lisionekane kana kwamba linaunga mkono chama. Jambo moja nawaomba msilikubali: kundi la nje kutumia jina la klabu yenu ili lipate ukumbi kwa masharti ya wanafunzi. Likitokea tatizo, watakaoitwa kujieleza ni ninyi.

Swali: Nafanya kazi katika utawala wa chuo kidogo. Tunafikiria kuanza kukodisha kumbi zetu kwa watu wa nje ili kuongeza mapato. Tuangalie nini?

Jibu: Angalieni kwanza kama mapato hayo ni ya kweli. Afisa wa fedha huhesabu kodi ya ukumbi, lakini hahesabu umeme, usafi wa ziada, viti vinavyovunjika, saa za walinzi, na fundi aliyeitwa siku yake ya mapumziko kuja kuunganisha projekta. Bei isiyobeba mambo hayo inalipwa na bajeti ya masomo bila mtu kusema. Wekeni viwango tofauti, vilivyo wazi kwa wote, kwa vyama vya wanafunzi, kwa taasisi za elimu na zisizo za faida, na kwa shughuli za biashara, na msiruhusu kiwango kibadilike kwa sababu ya anayeomba ni nani.

Pili, andikeni sera inayosema kwamba kipindi cha masomo hakihamishwi kwa ajili ya mpangaji. Mkihamisha kimoja kwa sababu ya mteja mkubwa, walimu watajifunza kwamba ratiba ni kitu cha kununuliwa, na kuwarudishia imani ni kazi ngumu. Idadi ya juu ya watu wanaoruhusiwa katika kila chumba ibandikwe mlangoni na iandikwe kwenye mkataba, milango ya dharura ifunguke kuelekea nje na isifungwe kwa kufuli wakati wa shughuli, na awepo mtumishi wenu mwenye mamlaka ya kusimamisha watu kuingia idadi hiyo ikifika. Kagueni pia njia ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kutoka maegesho hadi kitini na hadi chooni. Majengo mengi ya vyuo yalijengwa bila kumfikiria, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Amana ya uharibifu huzua ugomvi kuliko kifungu kingine chochote cha mkataba. Ugomvi huo hupungua sana pale ambapo mtumishi wa chuo na mwakilishi wa mpangaji huingia pamoja chumbani kabla ya shughuli, wakahesabu viti, wakawasha taa na projekta, wakaandika kilichokwisha kuharibika, wakasaini wote wawili, na wakarudia hivyo hivyo mara tu shughuli inapokwisha, kabla vyombo havijaondolewa na kabla wafanya usafi hawajaingia. Wafanya usafi hao nao wajulishwe tangu mwanzo shughuli itakwisha saa ngapi, na malipo yao ya saa za ziada yaandikwe kwenye ankara ya mpangaji kama kifungu cha peke yake.